Kwa nini askari alifunga mlango wa nyumba inayoungua, halafu akaja kutoboa siling yako

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo afande. Naishi Dodoma, Area C, jengo la ghorofa tatu, mi niko juu kabisa. Wiki mbili zilizopita nyumba ya ghorofa ya pili, upande wa pili wa ngazi, ilishika moto usiku. Zimamoto walipofika mmoja akazunguka kwanza nyuma ya jengo, wenzake wakapanda, na yule wa mbele akauvuta mlango wa nyumba inayoungua akaufunga! Sisi tunapiga kelele watu wapo ndani (kumbe walishatoka). Wengine wakaja mpaka kwangu wakatoboa siling yangu ya jipsam ambayo nimeweka juzi tu, na kwangu hakukuwa na moto. Sasa mwenye nyumba kaleta fundi, anasema kule palipoungua atapiga plasta na rangi maisha yaendelee. Naomba unieleweshe."

Marahaba binti yangu, na poleni sana wewe na majirani zako. Hilo la mlango nimeulizwa kwenye vikao vya mtaa, kwenye misiba, mpaka kwenye daladala siku moja nikiwa bado nimevaa gwanda, kwahiyo sikushangai hata kidogo. Ila ngoja nianze na jengo, maana ukishalielewa jengo hayo mengine yanakuja yenyewe.

Tangu 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, maghorofa ya kupangisha Dodoma yameota kama uyoga, Kisasa, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni kote huko, na ukiyavua rangi karibu yote yana mwili mmoja. Nguzo na mihimili ya zege, kuta za tofali za saruji, slabu kila ghorofa, ngazi moja katikati, nyumba zinatazamana mlango kwa mlango, halafu juu kabisa kenchi za mbao na bati la msauzi na chini yake jipsam. Sasa zege haliungui, na hiyo ni bahati yenu kubwa kuliko mnavyojua, wenzetu Marekani wanajenga ghorofa tatu nne za mbao tupu na askari wao anaingia akijua sakafu inaweza kumwacha hewani. Kwenu moto ukiwaka chumba kimoja ni kama umewaka ndani ya boksi la mawe. Boksi lenyewe lina matundu mawili ya maana, dirisha na mlango wa kuingilia. Dirisha linatoa moshi nje. Mlango unatoa moshi kwenye ngazi, na ngazi ndo njia yenu pekee nyie wote, tena kwa umbo lake ni dohani, moshi ukishaingia unapanda wenyewe mpaka kwako juu na unajikusanya hapo hapo mlangoni kwako.

Umewahi kuwasha jiko la mkaa asubuhi? Unageuza kile kimlango chake cha chini kielekee upepo, mkaa unakolea wenyewe. Ukitaka moto upungue ili wali ukauke unakifunga. Basi yule askari alifunga kimlango cha jiko, hamna zaidi ya hapo.

Maana iko hivi. Sofa za siku hizi ni sponji, godoro sponji, pazia nailoni, kapeti plastiki, vitu hivi vinawaka karibu kama mafuta. Kuna maabara ya Marekani inaitwa UL waliwahi kuchoma vyumba viwili vya majaribio, kimoja wamekipanga fanicha za kizamani na kingine za kisasa, cha kisasa kilishika chote kwa mpigo chini ya dakika 4, cha kizamani kilichukua zaidi ya dakika 29. Kushika kwa mpigo namaanisha ule moshi uliojaa juu unapofika kama nyuzi 500 mpaka 600 za Selsiasi, joto lake linashuka chini na kila kilichomo chumbani kinawaka pamoja, hata kile ambacho hakijaguswa na mwali. Lakini chumba kikiwa kimefungwa hewa inaisha kabla ya sponji kuisha, moto unasinzia. Haujafa, umesinzia, na ule moshi mweusi mzito uliobaki ndani wenyewe ni kuni. Sasa uende ukafungue mlango ukauacha wazi huna maji mkononi! Hewa baridi inaingia kwa chini, moshi unatoka kwa juu, na ndani ya dakika moja au mbili una moto mkubwa kuliko ule ulioukuta, na wote unaelekea hapo uliposimama kwa sababu hapo ndo kuna njia.

Kwahiyo utaratibu ni kwamba mlango unabaki umefungwa mpaka mpira umepanda ngazi, umejaa maji, hewa ya ndani ya mpira imetolewa, aliyeshika amesema tayari. Hapo ndo unafunguliwa, na hata hapo mmoja anabaki ameushikilia, anauachia upana wa mpira tu. Na kama kweli kungekuwa na watu ndani wangeingia, wasingesubiri, ila wangeingia na mlango ukarudishwa nyuma yao. Nyie kutoka chini mnaona mtu kafunga mlango, mnasema huyu hana huruma.

Ukitaka kujua mlango ulioachwa wazi unafanya nini, Januari 2022 huko Bronx, New York, jengo moja la ghorofa 19, hita ya umeme ilianzisha moto nyumba moja chini chini tu. Moto wenyewe haukwenda mbali, uliishia nyumba hiyo na korido yake. Waliotoka mbio hawakuufunga mlango na ule mlango ulitakiwa ujifunge wenyewe haukujifunga. Watu 17 walikufa, wa moshi, wengi wao mbali kabisa na moto.

Na mi mwenyewe nimeliona kwa macho mara nyingi, moja sitaisahau. Nyumba sebule imeungua mpaka plasta imedondoka, feni ya juu imeyeyuka mapanga yamening'inia kama majani ya mgomba yaliyokauka, korido ya ndani ukutani pana mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula, juu ya kifua weusi tii, chini yake rangi ya cream iko vilevile. Nikafungua mlango wa chumba cha watoto, ulikuwa umefungwa tangu jioni. Kalenda ukutani. Ndoo ya plastiki imesimama na nguo zimelowekwa. Harufu ya moshi ipo ndio, na juu ya fremu ya mlango kuna masizi kama mtu kapaka wanja, basi. Mlango wenyewe ulikuwa mninga, upande wa sebuleni umekuwa mkaa, upande wa ndani bado una vanishi. Mbao ngumu inaliwa na moto kama nusu milimita kwa dakika, kwahiyo mlango mnene unakupa muda wa maana, siyo hii milango ya flashi yenye makaratasi katikati, hiyo unaipa dakika chache tu. Na hata hiyo iliyofungwa ni bora mara kumi kuliko mninga ulioachwa wazi. Lala umefunga milango ya vyumba binti yangu, na watoto pia.

Yule aliyezunguka nyuma hakuwa anatalii. Mbele ya jengo inakuonyesha upande mmoja, yeye anataka kujua moto upo chumba gani hasa, kuna mtu amening'inia dirishani nyuma, mitungi ya gesi imewekwa balkoni ipi, nyaya za umeme zimepita wapi ngazi yetu ya zimamoto isije ikazigusa, na kwa Dodoma cha kwanza kabisa anaangalia upepo. Upepo wetu wa kiangazi unaujua, kuanzia Juni huko unatoka mashariki na kusini mashariki siku nzima na vumbi lake. Mwaka 2008 NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, na zimamoto wa New York walichoma vyumba vya majaribio kwenye jengo la ghorofa 7 kisiwa cha Governors Island wakitumia mafeni makubwa, wakaona kwamba dirisha likipasuka upande unaopigwa na upepo na mlango wa upande wa pili uko wazi, korido na ngazi vinageuka kuwa bomba la moto, hata askari mwenye mavazi kamili hawezi kukaa hapo. Kwahiyo dakika moja ya kuzunguka siyo uvivu, inaamua kama wataingilia ngazini au wataanza na dirisha.

Hilo la dirisha nalo watu wanalielewa vibaya. Mnataka tukifika tu tumwage maji, popote penye moshi. Piga hesabu, gari lenye lita 5,000 na mpira unaotoa lita 500 kwa dakika, ni dakika 10 tanki limekauka, na haidranti, yale mabomba ya mtaani ya kujazia gari la zimamoto, siyo kila mtaa unayo, na kwenye jengo mnalolijua wenyewe kwamba maji yana ratiba. Kumwagia moshi ni kumwaga tu. Ila kama mwali unatoka dirishani na mpira uko pale chini tayari, unapiga mkondo ulionyooka, siyo ule wa kutawanya kama mvua, unaulenga kwenye slabu ya juu ndani ya chumba, sekunde 10 au 15 tu, maji yanagonga zege yanarudi chini matone matone, lita moja ikigeuka mvuke inavimba kama mara 1,700 na inabeba joto. Chumba kinapoa, ndipo unapanda ngazi ukamalizie. Zamani tulifundishwa kwamba maji ya nje yanausukuma moto kwa watu, majaribio ya baadaye yakaonyesha kwamba mkondo ulionyooka hausukumi kitu, unapoza. Ule wa kutawanya ndo wa kuogopa, maana unaziba dirisha na kuingiza hewa nyingi kama feni.

Sasa tuje kwenye siling yako, najua ndo inayokuuma.

Slabu zinalinda kila ghorofa isipokuwa ya juu kabisa. Juu yako wewe hakuna zege, kuna jipsam, kenchi, bati. Na sasa nikuombe kitu, panda ngazi fundi wako akufungulie kile kitundu cha kupandia darini, mulika na tochi ya simu. Nina uhakika mkubwa utaona ukuta unaokutenganisha na jirani umeishia kwenye linta, haujafika kwenye bati. Yaani chini mna nyumba mbili, juu mna dari moja kubwa, unaweza kutambaa kutoka kwako ukashukia kwa jirani. Mafundi wanaokoa tofali na mifuko michache ya saruji, na hakuna mpangaji anayeangalia huko.

Usiku ule mwali ulitoka dirisha la ghorofa ya pili. Kioo hakihimili joto lisilo sawa, kinapasuka mapema, fremu ya alumini ikifika nyuzi 660 inayeyuka kabisa, basi mwali ukitoka unajikunja unalamba ukuta kwenda juu. Unakuta pazia la jirani yako wa ghorofa ya tatu, na juu kidogo unakuta fisha bodi na zile mbao za chini ya paa. Ukipenya hapo umeingia darini, na darini kuna kenchi zilizokauka miaka, hewa ya kutosha, vumbi la Dodoma, nyaya, na hakuna wa kuuona. Unaweza kusimama sebuleni kwako, siling nyeupe safi kabisa, na moto unapita juu ya kichwa chako kwenda chumbani kwako. Ukija kuuona ni pale jipsam inapodondoka. Na kenchi zenyewe zimeshikwa na misumari, mbao ikiungua pale kwenye maungio paa linaanguka bila kutoa taarifa.

Ndo maana hawakutoboa kule kunakoungua, walikuja mbele ya moto, kwenye nyumba ambayo bado ni salama, wakatoboa karibu na mlango ili wakikuta kubaya warudi nyuma. Wakachungulia. Hakuna moto, wakashukuru Mungu, wakaondoka, wewe ukabaki na tundu. Niliwahi kuwa kwenye kikosi kilichosita kutoboa, kiongozi wetu siku ile alionea huruma siling ya watu, nzuri kweli ile siling, ina maua. Tukaja kuukuta moto nyumba ya tatu kutoka pale ulipoanzia, na paa lote likaenda. Tundu lako ni la karatasi mbili za jipsam. Nakuonea huruma ila ningekuwepo ningetoboa mimi mwenyewe.

Kwahiyo ukiziba hilo tundu, kabla ya kuziba, mshikeni mwenye nyumba anyanyue ule ukuta mpaka kwenye bati, tofali zipangwe na upenyo wa juu uzibwe vizuri na udongo wa saruji. Ni kazi ya siku mbili tatu, na fundi akiwa yuko juu tayari ni rahisi.

Hukuniuliza la ngazi ila nalisema maana nimeshaona majengo ya hapo. Chini ya ngazi kuna nini? Mara nyingi ubao wa mita za luku za nyumba zote, pembeni bodaboda ya mtu imelazwa na petroli yake, godoro kuukuu, mitungi ya gesi ya akiba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inatulia chini kama maji, na mahali pa kutulia ndo hapo, karibu na mita. Toeni vyote. Halafu yale matofali ya matundu kwenye ukuta wa ngazi, mtu asije akayaziba kwa kioo au plastiki eti vumbi linaingia. Yale ndo yanayotoa moshi. Nimeshakuta jengo wameyaziba yote, ngazi safi inang'aa, na siku ya moto ikajaa moshi kama chungu kilichofunikwa.

Na wewe wa juu, siku moto ukiwa chini yako, usikimbilie tu kushuka. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja, fungua kidogo, kama ngazi ni safi shukeni wote mkiwa mnafunga milango nyuma yenu. Kama kuna moshi funga, ziba chini kwa taulo la maji, nendeni balkoni au dirisha la upande usio na moto, pigeni 114 mseme ghorofa ya ngapi na upande gani wa ngazi, pungeni kitambaa. Zege litawalinda, mlango utawalinda, na ngazi ya gari inafika ghorofa ya tatu kama magari yenu hayajapaki na kuziba geti. Ila askari akifika dirishani akakuta grili imechomelewa pande zote nne, ataanza kuikata nyie mkikohoa. Grili moja kila nyumba iwe na bawaba na kufuli kwa ndani, funguo itundikwe msumarini karibu hapo na hata mtoto ajue. Mwizi ataendelea kushindwa usijali.

Mwisho hilo la fundi na plasta. Hapana, asiguse bado. Zege haliungui lakini linaumia. Lina unyevu ndani, likipata joto la haraka unyevu unageuka mvuke na kulipasua, linameguka vipande vipande mpaka nondo zinaonekana, na nondo ikifika karibu nyuzi 600 inabaki na kama nusu tu ya nguvu zake. Ikipoa inarudisha sehemu kubwa, siyo lazima yote, inategemea ilifika wapi. Tena ile slabu ni dari ya aliyeungua na sakafu ya jirani yako wa juu, anayelala hapo na kabati na watoto.

Kabla haijafichwa, mwenye nyumba alete injinia aliyesajiliwa na bodi ya usajili wa wahandisi, ERB, aje na nyundo. Atagonga, zege zima linalia kwa mlio mkali, lililoachana ndani linatoa mlio wa debe tupu. Atabandua kidogo aangalie rangi, maana zege likipita kama nyuzi 300 mara nyingi linageuka pinki pinki hivi kwa sababu ya madini ya chuma kwenye kokoto na mchanga, na kina cha hiyo pinki kinamwambia joto liliingia mpaka wapi, kama lilifika kwenye nondo au liliishia juu juu. Ikiishia juu juu, basi kubandua na kurudishia kwa mchanganyiko mzuri kunatosha na fundi wenu ataendelea na rangi yake. Ikifika kwenye nondo ni kazi nyingine, wanaweka egemeo kwa chini kwanza, hakuna mtu kukaa juu. Na mwambieni asiishie sebuleni, aangalie na ile linta juu ya dirisha ulikotokea mwali, maana hapo ndo pameiva kuliko kote, na ndo pa kwanza fundi anapopasakafia.